Boti ya Mtumba, Penzi la Ziwani: Nunueni au Mpite?

Ukikaa Mwanza miezi mitatu lazima uanze kuota boti. Kama wewe na mwandani wako mmeshaanza kuulizia tanga kuukuu la kununua, someni hapa kabla hamjavunja kibubu.

Ukiingia Mwanza mara ya kwanza, kitu kinachokukamata ni maji. Yapo kila unapogeuza shingo. Ukipanda Isamilo unayaona yametandazwa kule chini kati ya miamba. Ukikaa Capri Point na sahani yako ya sato wa kuchoma, yanakuja mpaka karibu na miguu. Ukivuka na kivuko cha Kamanga kwenda upande wa Sengerema, ni maji mwanzo mwisho, na lile Jiwe la Bismarck limesimama karibu na gati kama mtu kalipanga kwa mikono. Jioni jua likianza kuzama, hata wale wanaojifanya wagumu utawaona wanashikana vidole.

Halafu linapita tanga. Moja tu, jeupe au lenye viraka vya rangi rangi, linakata ghuba taratibu bila kelele ya injini. Hapo ndipo mmoja wenu anapotamka: "Hivi na sisi tukiwa na ya kwetu?" Mwingine anacheka. Wiki mbili baadaye mnajikuta mnaulizia bei.

Wala si wazo la ajabu. Una kazi yako benki, Bugando, SAUT au kwenye biashara pale mjini kati. Gari lipo, kiwanja cha Buhongwa kimeshalipiwa, na wikiendi zimeanza kufanana: nyama choma, muziki, kulala. Na ziwa lipo pale pale, bure, linawatazama.

Shida ni kwamba boti mpya ya tanga haigusiki kwa mshahara wa kawaida, kwa hiyo macho yanahamia kwenye ya zamani, ya mtumba. Je, ni dili au ni balaa? Jibu letu fupi: inategemea Jumamosi zenu. Kwa boti kuukuu, fedha unayomkabidhi muuzaji ni mwanzo tu; deni kubwa ni muda mtakaoulipa baadaye. Wenye muda watakula raha. Wasio nao watakuwa wamenunua ugomvi.

ZIWA LINALOJUA VYOMBO VYA ZAMANI

Kabla hujamcheka mtu anayenunua chombo cha zamani, tazama bandarini. MV Victoria, ambayo watu wa Mwanza na Bukoba wamekua nayo, ilianza kazi mwaka 1961. Ilifika mahali ikachoka na kusimama kabisa. Lakini bodi lake la chuma lilikuwa bado linafaa, ikakarabatiwa hapa hapa Mwanza, ikafungwa injini mpya, na mwaka 2020 ikarudi majini.

Kule Ziwa Tanganyika kuna kubwa zaidi. MV Liemba ilijengwa Ujerumani mwaka 1913 ikiitwa Graf von Götzen, ikaletwa vipande vipande hadi Kigoma. Mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani waliizamisha wenyewe ili isiangukie mikononi mwa adui. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza tena safari kwa jina jipya. Siri ilikuwa nini? Mafundi walioizamisha walizipaka injini grisi nzito kwanza. Umri wa chombo si tatizo kubwa kama unavyofikiri. Swali la kumuuliza muuzaji ni hili: uliitunza vipi, na uliiweka vipi ulipoacha kuitumia?

Na kwa wale wanaopanga kuandika jina la mpenzi ubavuni mwa boti, sikilizeni hii. Mwaka 1875 Henry Morton Stanley alifika pwani ya ziwa hili, si mbali na Mwanza ya leo, na boti iliyobebwa vipande vipande mabegani mwa wapagazi kutoka Bagamoyo. Akaiunganisha, akalizunguka nayo ziwa zima kwa takriban miezi miwili. Aliipa jina Lady Alice, kwa heshima ya Alice Pike, binti wa Kimarekani waliyekubaliana kuoana. Boti ilivumilia mpaka ikafika mto Kongo, ikaachwa huko mwaka 1877. Alice mwenyewe hakusubiri: mwaka 1876 aliolewa na mwanamume mwingine, Albert Barney. Kumbe kuipa boti jina la mpenzi hakumfungi mpenzi. Kinachomfunga ni kuwa naye ndani ya hiyo boti.

ZINAPATIKANA ZIPI?

Ukizunguka pwani ya Nyamagana kuanzia Capri Point, ukapita Igogo na Mkuyuni, ukashuka Butimba, Nyegezi hadi Luchelele, utaona kwamba uchaguzi wako ni wa aina tatu.

Ya kwanza ni mashua ya mbao, ile ya wavuvi. Hii ndiyo boti ya nyumbani. Mafundi wa kuitengeneza wapo kwenye mialo, mbao zipo, pamba ya kuziba nyufa ipo, na tanga hushonwa hapa hapa. Bei yake ndiyo ya chini kuliko zote. Ila ujue imefanya kazi. Imebeba dagaa, nyavu na mizigo kwa miaka, na harufu ya dagaa haitoki kwa sabuni ya Jumamosi moja.

Ya pili ni boti ndogo ya faiba, ya michezo, isiyo na kibanda. Hizi huja na wageni wanaofanya kazi nchini, na wakimaliza mkataba huziuza ili wasizisafirishe. Sehemu ya kuanza kuulizia ni Mwanza Yacht Club pale Capri Point. Mojawapo ya boti za aina hii zinazojulikana zaidi duniani ni Laser: mita 4.23, kilo kama 59, tanga moja tu. Watu wawili wanaibeba bila jasho. Lakini angalia, Laser ni boti ya mtu mmoja. Mkipanda wawili mtakuwa mmekumbatiana, jambo ambalo ni zuri kwa dakika ishirini za mwanzo. Kwa wapenzi ni afadhali boti yenye nafasi, kwa mfano Wayfarer ya mita 4.82, ambayo inameza watu wawili, kapu la chakula na bado kuna pa kunyoosha miguu.

Ya tatu ni ile ya kwenye sinema: kubwa, ina kibanda, kitanda na jiko ndani. Boti ya namna hii utaipata zaidi pwani, Dar es Salaam au Zanzibar, na kutoka Dar hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,100 za barabara. Gharama ya lori na winchi inaweza kukaribia bei ya boti yenyewe. Na ikishafika, ina mkuku mrefu unaoning'inia chini kabisa, katika ziwa ambalo limejaa majabali. Wenyewe tunajiita Jiji la Miamba. Sasa fikiria kwamba miamba mingine kama ile ya juu iko chini ya maji, na haina taa. Hii tunasema wazi: pita.

YALIYO MAZURI

Kwanza, bei. Boti ikishakuwa na miaka ishirini imeshaanguka thamani yake yote ya kuanguka. Ukiitunza vizuri, ukiamua kuiuza baada ya miaka mitatu unaweza kurudisha sehemu nzuri ya hela yako. Gari lako halikupi bahati hiyo.

Pili, maji yetu ni ya baridi, hayana chumvi. Wenzetu wa pwani wanahangaika na kutu inayokula kila kitu cha chuma, na wadudu wa baharini wanaotoboa mbao mpaka zinakuwa kama sega la nyuki. Wadudu hao hawaishi ziwani, na kutu huku inakwenda polepole.

Tatu, upepo ni wa bure, na kwa kawaida una ratiba. Mchana, nchi kavu ikishapata moto, upepo hutoka ziwani kuja ufukweni. Usiku hugeuka, unatoka nchi kavu kwenda ziwani. Wavuvi wameutumia mpango huu tangu enzi za mababu. Kwenu nyinyi mnaojifunza maana yake ni kwamba ukitoka mchana, upepo wenyewe uko upande wa kukurudisha nyumbani. Wakati petroli inapanda kila kukicha, hilo si jambo dogo.

Nne, na hapa ndipo gazeti hili linapohusika, boti inawalazimisha kuongea. Mmoja anashika usukani, mwingine anashika kamba ya tanga. Asipomwambia mwenzake "nageuza", foromali inampitia kichwani. Hakuna kununa kimya kimya ndani ya boti ya mita nne. Simu mnaifunga kwenye mfuko wa plastiki, na kwa saa tatu hakuna WhatsApp ya ofisini. Ni wangapi kati yetu wanaozungumza na wenzi wao saa tatu mfululizo?

Na tano, ziwa lenyewe sasa lina nafasi. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilipofunguliwa Juni 2025, maji ya kule kusini ya ghuba, ambayo watu waliyajua kwa foleni ya kivuko tu, mtu anaweza kuanza kuyaangalia kwa jicho la starehe.

YALIYO MACHUNGU

Sasa shuka chini. Rahisi ghali, wahenga hawakukosea.

Maji baridi yana adui wake. Mbao huozeshwa na ukungu, na ukungu hupenda maji ya mvua kuliko maji ya chumvi. Boti ya mbao ikiachwa na maji ya mvua ndani, inaoza kuanzia ndani huku rangi ya nje inang'aa. Faiba nayo si salama moja kwa moja: maji hupenya taratibu chini ya rangi na kutoa malengelenge, kama mtu aliyeungua. Machache yanatibika. Yakiwa boti nzima, usiwe wewe wa kulipia.

Jua ni adui mwingine. Tuko karibu na Ikweta, na ziwa liko mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari. Tanga lililoachwa wazi msimu mzima linakuwa kama gazeti la zamani, ukilivuta linachanika. Kamba zinakauka. Plastiki inapasuka.

Vipuri ndiyo ugonjwa mkubwa wa boti za faiba. Puli ndogo ya tanga ikivunjika, hakuna duka Makoroboi utakakoipata. Inabidi iagizwe, na kinachoagizwa kinakuja na ushuru. Kwa mashua ya mbao hali ni tofauti: kipuri ni fundi mwenyewe na msumeno wake.

Halafu kuna swali la pa kuiweka. Mkilipia nafasi kwenye klabu au hoteli, ni kodi ya kila mwezi. Mkiiacha mwaloni, ni mlinzi wa kila usiku, na injini kama ipo lazima ilale kwenu sebuleni, kwa sababu wizi wa injini ziwani ni habari ya kila siku. Magugu maji yanaweza kuja na upepo usiku mmoja na asubuhi mkakuta boti imezungushiwa bustani. Na ziwa lenyewe linapanda na kushuka: mwaka 2020, na tena mwaka 2024, maji yalipanda isivyo kawaida na kumeza sehemu za fukwe. Boti iliyofungwa kwa kamba fupi wakati kama huo inajizamisha yenyewe.

Na msisahau kichocho. Kinapatikana katika maji haya, hasa sehemu za kina kifupi zenye majani, pale pale mnaposimama mkisukuma boti. Vaeni buti, jikausheni haraka, na pimeni kila mwaka. Dawa ipo. Si mahaba lakini ndiyo ukweli.

KABLA HUJATOA MSHIKO

Nenda asubuhi, nenda mara mbili, na mara moja kati ya hizo iwe baada ya mvua. Ukifika mwaloni usianze na bei. Salimia kwanza: shikamoo kwa wazee, na ukiweza kutupia "mwangaluka" ya Kisukuma umeshapunguziwa nusu ya bei ya mgeni. Lipia fundi wako mwenyewe akukagulie, asiwe fundi wa muuzaji. Kisha angalieni haya:

1. Gongagonga bodi yote kwa kitu kigumu cha plastiki, mpini wa bisibisi unatosha. Sauti kavu ni nzuri. Sauti iliyofifia, kama unagonga embe bovu, kuna maji au kuna uozo.

2. Kwa mbao, chomeka kisu kidogo kwenye mataruma, hasa yanapokutana na mkuku. Kikizama kama kwenye siagi, aga kwa heshima uondoke.

3. Kanyaga sitaha yote ya faiba. Ikibonyea chini ya mguu, ndani imeshaloa.

4. Kagua waya zinazoshikilia mlingoti na mahali zinapofungwa kwenye bodi. Uzi mmoja ukiwa umekatika, hesabu waya wote ni wa kubadilisha. Mlingoti ukianguka hauchagui kichwa.

5. Kunjua tanga juani, litazame kwa kinyume cha mwanga. Vute kidogo kwenye mshono. Tanga jipya ni gharama inayoweza kushangaza kuliko boti.

6. Ifungeni majini saa nzima bila kuigusa, kisha muangalie chini kabisa panapokusanyika maji. Mashua ya mbao iliyokaa juu itavuja kidogo mpaka mbao zivimbe. Hiyo ni kawaida. Lakini inayoingiza maji kwa mkondo unaouona kwa macho, hapana.

7. Endesheni. Muuzaji anayesema "leo upepo mbaya" mara tatu mfululizo ana jambo.

8. Karatasi. Tangu mwaka 2018 shughuli za usalama wa vyombo vya majini ziko chini ya TASAC, zamani ilikuwa SUMATRA. Ulizeni ofisini kwao Mwanza chombo hicho kinahitaji usajili na ukaguzi gani kabla ya kulipa, si baada. Kama boti iliingia nchini na mgeni, dai uthibitisho kwamba ushuru ulilipwa. La sivyo deni la Mamlaka ya Mapato linaweza kuwa ndiyo zawadi yenu ya harusi.

HESABU ZA WAWILI

Hapa ndipo nyumba nyingi zinapotikisika. Mazungumzo huwa hivi:

"Baba Careen, hii hela si ndiyo ya msingi wa Buhongwa?"

"Mama Careen, hiki nacho ni kiwanja. Cha majini."

"Kina hati?"

Mama Careen ana hoja. Kanuni yetu ni rahisi: hela ya boti isitoke kwenye msingi wa nyumba, ada wala bima ya afya. Itoke kwenye hela ya starehe, na isipotosha, subirini. Pili, chochote mtakacholipa kwa muuzaji, muwe na kiasi kama hicho pembeni kwa ajili ya mwaka wa kwanza. Tuseme mmeipata kwa milioni tatu. Kama hamna nyingine tatu za tanga, rangi, mlinzi, majaketi na karatasi, basi hiyo boti hamjaimudu, mmeimudu nusu.

Kisha hesabu muda. Boti ya zamani itawadai angalau Jumamosi moja ya kazi kwa kila Jumamosi mbili za raha: kupiga msasa, kukalafati, kupaka rangi, kumfuata fundi ambaye alisema anakuja. Nani atafanya? Kama jibu ni "yeye anapenda, mimi nitakuwa nakuja kupanda tu", mmeshaanza kupotea. Ukipenda boga penda na ua lake. Mwenzi anayekaa nyumbani kila wikiendi akisubiri mwingine amalize msasa hatalipenda ziwa, atalichukia. Tena atakuwa na haki.

Kuna njia ya kati: kununua wanandoa watatu au wanne pamoja. Gharama inagawanyika, na boti haikai bila kazi. Ila manahodha wengi chombo huenda mrama, kwa hiyo andikeni. Nani anatumia lini, nani analipa ikivunjika, na mmoja akihamishiwa Dodoma anarudishiwa nini. Ukurasa mmoja wenye sahihi unalinda urafiki wa miaka kumi.

ZIWA HALITAKI UTANI

Mwanza haihitaji kufundishwa jambo hili. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikikaribia hapa, mamia ya watu wakapotea, na wengi wamelazwa pale Igoma. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara, na watu 228 walipoteza maisha. Katika ajali zote mbili watu walikuwa wengi kuliko uwezo wa chombo. Boti yenu ndogo ina kanuni hiyo hiyo: ya wawili ni ya wawili, hata shemeji akija na wageni watano kutoka Shinyanga wenye hamu ya picha.

Kila mtu avae jaketi la kujiokolea, alivae, si alikalie. Kama mmoja wenu hajui kuogelea, hela ya kwanza iende kwa mwalimu wa kuogelea, si kwa muuzaji wa boti. Radi na dhoruba za ziwa hili hupenda usiku na alfajiri, kwa hiyo rudini kabla ya magharibi. Sikilizeni utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya kutoka. Juni hadi Agosti upepo wa kusini-mashariki unaweza kuwa na hasira, na mawimbi ya ziwa ni mafupi na ya karibu karibu, yanachosha kuliko yanavyoonekana ukiwa umekaa hotelini.

Na usisafirie nyota ya mwenzio. Jirani yako kuvuka mpaka Ukerewe na mashua yake hakukufanyi wewe nahodha. Yeye kazaliwa Nansio.

JARIBUNI KWANZA

Kabla ya kununua chochote, fanyeni hivi kwa wikiendi nne. Wikiendi ya kwanza, pandeni boti ya TANAPA pale Capri Point mwende Saanane, kisiwa kilichopewa jina la mzee Saanane Chawandi aliyeishi pale kabla hakijawa bustani ya wanyama mwaka 1964. Tangu 2013 ni hifadhi ya taifa, na ndiyo ndogo kuliko zote nchini. Kaeni juu ya mwamba, tazameni pimbi, tazameni jinsi upepo unavyogeuza rangi ya maji mchana. Hapo mtajua kama mnapenda ziwa au mnapenda picha ya ziwa. Mkija kuwa na boti yenu, msitie nanga pale bila kuuliza. Hifadhi ina taratibu na viingilio vyake.

Wikiendi ya pili na ya tatu, kodini mashua ya tanga yenye majaketi, pamoja na mwenyewe, pande za Nyegezi au Luchelele. Mwombeni awafundishe kushika usukani na kupiga bisha, yaani kwenda mshazari huku na huku pale upepo unapotoka mnakotaka kwenda. Mtatota. Mtabishana. Mmoja wenu atasema "nilikwambia". Muangalie kama mnarudi ufukweni mkicheka.

Wikiendi ya nne, msipande. Nendeni mkamsaidie kupaka rangi. Hii ndiyo yenye majibu.

JIPIMENI

Kila mmoja ajibu peke yake, ndiyo au hapana, kisha mlinganishe.

Sote wawili tunajua kuogelea.
Hela hii ikipotea yote, hatutalala njaa wala kuhama nyumba.
Tumeshajua boti italala wapi na nani atailinda.
Tuna fundi tunayemwamini kwa jina na kwa simu.
Tunaweza kutoa Jumamosi moja ya kazi kwa kila mbili za raha.
Wote wawili tunaitaka, si mmoja anayemfurahisha mwenzake.

Ndiyo sita kwa sita kutoka kwa kila mmoja: nunueni, na mnunue ndogo. Mashua ya mbao yenye mataruma mazima, au boti ya faiba isiyo na mkuku mrefu, inayobebeka. Nne au tano: kodini mwaka mmoja, au ungeni na wenzenu. Chini ya hapo, ziwa halikimbii. Jengeni kwanza.

Lakini kama lile jibu la mwisho, la sita, mmoja wenu ameandika hapana, msifike hata kwenye bei. Hakuna fundi wa Mwanza nzima anayeweza kuziba ufa huo kwa pamba.